Gundi Haijakauka

Katika nyumba ile, maneno "gundi haijakauka" hayakuhusu gundi sana. Maana yake ilikuwa moja tu: mama yuko mezani na albamu yake, na mwenye shida akae nayo kwanza. Baba watoto, ambaye alikuwa fundi saa, aliyapenda maneno hayo hata akayahamishia kazini. Mteja akimharakisha, alimjibu, "Gundi haijakauka, mzee," na mteja akabaki kumkodolea macho.

Mama mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alishona sare za shule sebuleni, mchana alipika, jioni alipiga pasi, na katikati ya hayo yote alijimegea saa moja ya peke yake, kuanzia saa tisa, mtoto mdogo akiwa amelala. Saa hiyo aliilinda kama kuku mwenye vifaranga. Alivuta boksi la viatu kutoka chini ya kitanda, akatandaza mezani picha, tiketi, vipande vya vitambaa na jino la kwanza la binti yake lililohifadhiwa kwenye kifuko, halafu akabandika. Ukurasa ukikamilika, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu tarehe na saa kamili. Wifi zake walisema ni mchezo wa watoto. Na waseme, hakuna aliyewahi kucheleweshewa sare hata moja kwa ajili ya albamu ile.

Watoto walikuwa wawili. Mkubwa, wa miaka mitano, walimwita Karani, kwa sababu hakuna lililotokea nyumbani asiliripoti. "Mama, nzi ameingia kikombeni. Mama, nzi ametoka. Mama, soksi ya baba imetoboka." Mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, aliitwa Mchwa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa amekwisha kula pembe ya kadi ya kliniki, risiti mbili, na karatasi nzima ya kalenda ya ukutani, mwezi wa Aprili. Siku ile Karani ndiye aliyepeleka taarifa: "Mama, Mchwa amekula mwezi!" Walicheka wiki nzima. Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba kwao mwaka una miezi kumi na mmoja.

Sasa, siku yenyewe, Mchwa aligoma kulala. Mama alimbembeleza, akamwimbia, akamkemea, wapi. Mwishowe alimketisha chini ya meza na vikombe vyake vya plastiki, akajiambia kwamba atamwangalia kwa jicho moja huku jingine likifanya kazi. Sisi sote tumewahi kujidanganya hivyo, kwa hiyo tusimcheke.

Ukurasa ulikuwa wa ile jioni umeme ulipokatika, wakaketi wanne kwenye ngazi za nje wakila mahindi ya kuchoma. Picha ilitoka nyeusi tii. Mama akakata duara kutoka kwenye karatasi inayong'aa ya chokoleti, akalibandika juu ya picha.

"Hiki nini?" aliuliza Karani.

"Mwezi. Si unakumbuka ulivyokuwa unang'aa?"

Kisha akachukua kadi aliyopewa na mumewe siku ya kumbukumbu ya ndoa yao. Ilikuwa kadi ya kuimba. Iliimba mpaka sauti ikaikauka kama chura mwenye mafua, na sasa alitaka ilale vizuri kwenye ukurasa. Akaichana kwa sindano, akaitoa utumbo wake wote, nyaya na kitu kidogo cha duara kinachong'aa, akaviweka kwenye kisahani pembeni mwa meza. Hakuviangalia mara mbili. Macho yake yalikuwa kwenye kingo za kadi.

"Mama," alisema Karani baada ya muda, "Mchwa amekula mwezi."

"Gundi haijakauka."

Alitabasamu bila kuinua kichwa. Aprili ilikwisha liwa, sasa ni zamu ya Mei. Dakika chache zikapita.

"Mama. Mchwa amekula mwezi."

"Nimekusikia, Karani! Sitaki kusikia tena mpaka gundi ikauke."

Karani akafunga mdomo. Alipanda kwenye kigoda, akaweka mikono magotini, akaanza kuitazama gundi.

Mama alibandika kingo, akakandamiza kwa rula, akapuliza, akaridhika. Akaandika kwa wino mwekundu: saa kumi na dakika ishirini. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo baadaye lilimuuma kuliko mengine, kwamba dakika zile zote alikuwa na furaha.

Akampa Mchwa kikombe cha maziwa. Mchwa hakuwahi kukataa kitu kinachoingia mdomoni tangu azaliwe. Alimeza kidogo, akajikunja, akalia kilio chembamba, na maziwa yakarudi yakiwa yamechanganyika na ute. Akakohoa. Ute ukaendelea kumtoka, ukilowesha fulana.

"Karatasi imekukwama, eh?" Mama alimwingiza kidole mdomoni, hakukuta kitu. "Na Mei yenyewe tamu?"

Akageuka kutazama kalenda ukutani. Mei ilikuwepo. Akaisogelea, akafunua. Juni ilikuwepo. Julai, Agosti, zote mpaka Desemba zilikuwepo.

Akamgeukia binti yake. "Karani. Mchwa amekula mwezi gani?"

Karani alimtazama, kisha akatazama ukurasa. Alinyoosha kidole kwenye duara la karatasi ya chokoleti. "Kama huu. Lakini mgumu. Ulikuwa hapo."

Kisahani kilikuwa na nyaya tu.

Aliogopa. Aliogopa mpaka masikio yakaziba, mpaka akasahau simu iko wapi ilhali ameishika mkononi. Mumewe alipopokea, alisema maneno manne, betri, kadi, Mchwa, amemeza, na hakujua ameyasema kwa mpangilio gani.

"Kubwa au ndogo?"

"Kama kifungo cha shati."

Fundi saa alizijua betri za kidonge. Moja iliwahi kudondokea kwenye kitambaa kibichi mezani kwake, na asubuhi akakuta tundu jeusi limepenya mpaka kwenye mbao. Alikuwa amemsimulia mkewe kisa hicho wakati wa kula, kama kichekesho, na sasa wote wawili walikuwa wanakikumbuka.

"Usimpe kitu," alisema, na sauti haikuwa yake. "Usimtapishe. Nenda hospitali, nakukuta huko."

Alimbeba Mchwa kifuani, akamshika Karani mkono, akatoka bila kufunga mlango. Kwenye gari la kukodi alimwegemezea mtoto sikio kifuani. Alihema, lakini kulikuwa na mkwaruzo. Kila gari liliposimama kwenye foleni, mama alihesabu pumzi, akipoteza hesabu, akianza upya. Aliogopa kumtazama usoni, na aliogopa zaidi kuacha kumtazama. Karani, kiatu mguu mmoja, hakusema neno hata moja njia nzima, na mama hakuliona hilo.

Mume alikuwa amekwisha fika, lenzi yake ya kazini bado ikiwa kwenye paji la uso. Daktari, mwanamke mfupi aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alimpokea mtoto na kuuliza huku akimpima: amemeza nini, na saa ngapi?

"Ni kosa langu, daktari," alisema mume haraka. "Mimi ni fundi saa. Vidonge hivi natembea navyo mfukoni. Huyu mwenzangu anasema ni cha kadi, ananisitiri tu. Kitakuwa kimenidondoka asubuhi kabla sijatoka. Saa moja hivi."

Daktari akachomoa kalamu, akaandika. "Masaa kumi, basi." Uso wake ulibadilika. "Kwa masaa kumi siwezi kumpitishia mpira wa kukivuta hapa. Kitakuwa kimeshachoma ukuta wa koo, nikikivuta naweza kupasua mshipa. Itabidi aende hospitali ya rufaa. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari."

Mama alisikia. Alielewa pia kwamba mumewe amemfungulia mlango. Ilitosha kunyamaza tu, na kosa lingekuwa la fundi saa na mfuko wake, na hakuna wifi ambaye angewahi kuinua jina la albamu. Alimtazama Mchwa, ute ukimchuruzika. Saa mbili barabarani.

"Si chake," alisema. "Ni changu. Nilikitoa kwenye kadi, nikakiweka karibu naye. Ilikuwa kama saa tisa na nusu."

"Una hakika? Si kukadiria?"

"Nilikuwa nabandika albamu. Dada yake aliniambia amemeza, sikumsikiliza. Nikamalizia ukurasa wangu kwanza. Nilimaliza saa kumi na dakika ishirini. Nimeandika. Huwa naandika."

Mume alimgeukia. Aliivua ile lenzi kichwani, akaitia mfukoni taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa kazi. Daktari alikata mstari alioandika, akaangalia saa ya ukutani, iliyokuwa inaelekea saa kumi na moja na robo.

"Bado tuna nafasi. Picha, halafu moja kwa moja chumba cha upasuaji."

Mchwa alipigwa picha ya eksirei akirusha miguu na kupiga mayowe, hata ikakatikia kwenye mbavu. Lakini kilionekana: duara jeupe katikati ya kifua chake, safi, kama limebandikwa.

"Kimoja," alisema daktari. "Tunakwenda kukitoa." Wauguzi wakaanza kusukuma kitanda.

Hapo ndipo mama aliposikia gauni lake linavutwa. Akageuka. Karani alikuwa amesimama nyuma yake, kidevu kikimtetemeka, midomo ameibana.

"Nini, mwanangu?"

Karani akatazama baba, akatazama daktari, akanong'ona, "Mama, gundi imekauka?"

Mama alipiga magoti pale pale kwenye sakafu. "Imekauka. Imekauka kabisa. Sema."

"Ni miezi miwili. Ilikuwa imeshikana, akaibandua. Akala mmoja, halafu akala mwingine." Machozi yakaanza kumtoka. "Nilikwambia mara mbili."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo hawakutuambia linavunja nini, lakini mama alilijua wakati ule, akiwa amepiga magoti. Alisimama akapiga ukelele ambao hakujua anao. "Daktari! Viwili! Amemeza viwili!"

Daktari alisita sekunde moja tu. Wengine wangesema mtoto wa miaka mitano anajua nini. Yeye aliuliza, "Nani amesema?" na mama alipomnyooshea Karani, aligeuza kitanda. Safari hii wakapiga picha ya tumbo. Duara la pili lilikuwa huko, chini ya mbavu, pale ambapo picha ya kwanza haikufika.

Walingoja kwenye benchi kwa zaidi ya saa moja. Mume alikaa upande wa pili wa Karani, si upande wa mkewe. Baada ya muda mrefu aliuliza, akitazama sakafu, "Alikwambia mara mbili?"

"Mara mbili."

Akarudi kutazama sakafu. Mama angependelea amgombeze. Kila mlango ulipofunguliwa, alisimama, na kila ulipofungwa, alitamani ufunguliwe tena.

Daktari alitoka na kichupa. Ndani mlikuwa na vitu viwili vyeusi, vimechunwa ngozi, havikung'aa tena. Koo limeungua upande mmoja, alisema, siku kadhaa atalishwa kwa mpira, lakini halikutoboka. "Kile cha tumboni kingebaki, nasi tungewarudisha nyumbani mkishangilia," alisema, akamgusa Karani kichwani. "Huyu mumshukuru." Mume akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti. Kisha, bila kutazama, akaunyoosha mkono wake nyuma ya mgongo wa Karani mpaka ukafika begani kwa mkewe.

Mchwa alirudi nyumbani baada ya siku tisa, mwembamba, sauti ikimkwaruza, na siku hiyo hiyo akajaribu kula risiti. Walimnyang'anya wote wanne, yeye mwenyewe akiwemo kwa kuitema. Kisahani kilitupwa. Albamu ilikaa chini ya kitanda mwezi mzima, mpaka mume mwenyewe alipoitoa na kuiweka mezani. "Mtu akikosa pumziko lake atatuchoka," alisema. "Ila mlango uwe wazi."

Basi alasiri moja, Mchwa akiwa amelala chumbani, mama alifungua ukurasa mpya. Alikata, akapaka gundi, akabandika. Mkono ulikuwa mzito mwanzoni, kisha ukakumbuka. Hakujua umepita muda gani alipoinua kichwa, na kumwona Karani amesimama mlangoni, kimya, midomo ameibana.

Kalamu ilimdondoka. Alimpita mbio mpaka chumbani, akaangusha kiti, akamwekea Mchwa mkono kifuani. Kifua kilipanda, kikashuka. Alifungua mdomo wa mtoto usingizini, akachungulia, akahesabu pumzi kumi, akahesabu nyingine kumi. Ndipo akarudi sebuleni.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu ulipopaka gundi."

"Ulitaka kusema nini?"

"Hakuna," alisema Karani. "Naangalia tu kama imekauka."