Wa Kwanza wa Maman Virginie

Maman Virginie amefundisha shule ya msingi huko Ibanda miaka ishirini. Mwambie hajui kutoa pointi, utajuta. Basi Ijumaa ile Placide, motari wa pikipiki aliyekuwa akimletea chakula anachoagiza kwa telefoni, alikuja kumuaga.

"Kampuni itanifukuza kesho, maman. Kuko mutu ananipatiaka pointi moja kila siku, tena juu ya tano."

Maman Virginie akashtuka. "Kumbe moja iko mubaya?"

"Tano ndiyo ya juu, maman."

Makubwa haya! Miezi mitatu mwalimu mzima alikuwa anabonyeza 1 kwenye telefoni kila chakula kilipofika, kwa raha zake, kama anavyomwandikia mtoto aliyewashinda wenzake darasani: wa kwanza. Hakuwahi kujiuliza namba ile inaenda kumfanya nini mwenzake. Kijana ana mke na mtoto mchanga, naye alikuwa anamchimbia shimo huku anatabasamu. Haya ilimshika vibaya.

"Ni mimi," akasema. "Washa pikipiki, tuende ku biro."

Biro, ofisi ya kampuni, ilikuwa ya Grégoire, msimamizi wa motari, kijana wa tai na maneno laini. Aliposikia kisa, alizifuta zile moja zote bila ubishi. Lakini hakulitoa jina la Placide kwenye orodha ya kufukuzwa.

"Anachelewa mvua ikinyesha, maman. Wateja wanataka chakula mu dakika makumi mbili, jua au mvua."

"Wateja gani? Mimi niko mteja. Nani aliniuliza?"

Maman Virginie akatoa telefoni, akawatumia ujumbe wa sauti akina mama wa shirika lake la kanisani, ambao nao huagiza huko huko. Alieleza kosa lake lote, bila kujifichia kitu, kisha akauliza: mvua ikinyesha, mtangoja, au motari aje ateleze kwenye matope ya Kadutu afe?

Kwanza walimcheka, na walicheka sana. Kisha majibu yakaanza kuingia, naye akaiweka telefoni mezani, akayafungulia yote kwa sauti kubwa. Mama Nsimire alisema atangoja. Christine alisema hata saa nzima. Wa kumi na moja aliuliza kwa nini hawakuulizwa zamani.

Placide alikuwa mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi.

Grégoire akafuta jina la Placide kwenye orodha. Mbele yao akaandika pia kwamba siku ya mvua dakika hazihesabiwi kwa motari yeyote. Kisha akainua macho, bado ana wasiwasi.

"Na chakula kikifika baridi, maman?"

"Tutapasha," akasema Maman Virginie.