Harufu ya Mhudumu

Kila asubuhi, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, wahudumu walijipanga mstari kwenye ujia mwembamba nyuma ya jiko, na Madamu akapita akiwanusa. Alianza na viganja, akaja kwenye nywele, akamalizia na mdomo. "Haa," aliamuru, na mhudumu akampumulia usoni kama mtoto mbele ya daktari wa meno.

Mgahawa ulikuwa wa chakula cha Kivietinamu kisicho na nyama. Madamu hakuwa Mvietinamu. Aliwahi kukaa Vietinamu kwa kazi ya mumewe, akarudi na mapishi, taa za karatasi, na hakika kwamba wenye pesa wangelipa vizuri ili wale majani kwa utulivu. Sharti la mgahawa liliwafuata wahudumu hadi kwao: usiku wa kuamkia kazi, marufuku nyama, marufuku samaki.

Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi juu ya mdomo, alikuwa ameoga mara mbili. Jana yake mama yake alipika vichwa vya samaki. Wauzaji sokoni huvikata na kuvitupia ndooni, na anayewahi kabla hawajafunga huvipata kwa bei ya kutupa. Tofu, ile jibini ya soya ambayo Kidoti aliibeba mchana kutwa kwenye sahani nyeusi, nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuionja.

Madamu alikawia mbele yake.

"Jana umekula nini?"

"Maharage, Madamu."

"Haa tena." Akanusa, akafumba macho. "Samaki."

"Vichwa tu, Madamu."

"Ungekula mkia, dada," alisema mhudumu wa pembeni, "harufu ingetokea kwingine."

Mstari mzima ukacheka. Madamu naye alicheka, kisha akachomoa majani ya mnanaa kwenye beseni la mboga, akamtilia Kidoti kiganjani. "Tafuna. Nikikukuta hivi tena, utatafunia kwenu."

Mchana alikuja Mwenyekiti wa chama cha wasiokula nyama, mama mnene mwenye sauti ya upole, pamoja na wageni wake. Walikaa meza ndefu karibu na kioo, wakaagiza supu ya tambi za mchele. Ndiyo iliyoujaza mgahawa. Ilichemka tangu alfajiri na vitunguu vilivyobabuliwa, mdalasini na uyoga, na mwisho mpishi alifungua kabati kwa ufunguo wake, akamimina kitu kutoka kwenye chupa iliyoandikwa siki. Haikuwa siki. Ilikuwa maji ya samaki waliokandamizwa kwa chumvi mpaka wakayeyuka. Mwanzoni supu ilipikwa bila hayo, wateja wakasema ni maji ya moto, wakaenda zao. Madamu akaileta chupa mwenyewe. Mteja akiuliza siri ya utamu ule, wahudumu walifundishwa jibu: uyoga.

Siku hiyo mpishi alikuwa ameshamimina, anairudisha chupa kabatini, na mikono yake ilikuwa na mafuta. Chupa ikamponyoka, ikapasukia sakafuni.

Harufu haikubisha hodi. Ilipita kwenye dirisha la kutolea chakula, ikatandaa ukumbini. Mwenyekiti akaweka kijiko chini.

"Jamani, hapa pananuka samaki. Au ni pua yangu?"

Haikuwa pua yake. Wageni wote walikuwa wameshainua nyuso.

Jikoni mpishi alikuwa amepiga magoti, anafuta sakafu kwa aproni. Madamu alimtazama kidogo tu. Kisha akamgeukia Kidoti, aliyekuwa mlangoni na sinia mkononi.

"Wewe, asubuhi nimekukuta na nini?"

"Madamu, hii ni ya chupa."

"Nimekuuliza swali."

"Samaki."

"Basi nenda kawaambie hivyo. Sikutumi ukaseme uongo."

"Madamu, watanionaje?"

"Watakuona umekula samaki. Wakijua la chupa, kesho hapa kuna kufuli. Wewe, huyu, na Shangazi pale, wote nyumbani. Au una kazi ya kuwapa?"

Mwosha vyombo, mwanamke mtu mzima ambaye wote walimwita Shangazi, aliacha maji yakimwagika. Kidoti alimtazama, akingoja aseme neno.

"Nenda, mwanangu," Shangazi alisema, macho yake yakiwa kwenye masufuria. "Aibu haiui. Njaa inaua."

Kidoti akaenda. Alisimama kwenye ncha ya meza, mbali kidogo, mikono nyuma.

"Samahanini sana. Harufu ni yangu. Jana nilikula samaki."

Mgeni mmoja alijiziba pua kwa leso ya mezani. Mwenyekiti hakujiziba.

"Pole, mwanangu. Hatukuhukumu. Ila nikuulize, ulimfikiria yule samaki?"

"Hapana, mama."

"Alikuwa na macho, unajua?"

"Najua, mama." Macho ya vile vichwa Kidoti alimpa binti yake mdogo, kwa kuwa hayana miiba.

"Mboga zimejaa kila mahali, na bei yake si kubwa. Ni mazoea tu hayo. Utajitahidi?"

"Nitajitahidi."

"Mwacheni jamani," alisema yule mwenye leso. "Angalau ni mkweli. Siku hizi nani anakubali kosa lake?"

"Hilo nalo ni neno," Mwenyekiti alikubali, akamgeukia Madamu aliyekuwa amesimama nyuma ya viti. "Mkweli kama huyu usimfukuze."

"Nimfukuze! Huyu ni mwanangu kabisa."

Mwenyekiti akachota supu, akaishikilia kinywani kabla ya kumeza. Uso wake ukalegea.

"Hebu njoo, mkweli wangu. Hawa wenzako hawawezi kuniambia. Humu mnaweka nini?"

Meza nzima ikamgeukia. Madamu alikuwa akinyoosha mkunjo wa kitambaa cha meza ambao haukuwapo.

"Uyoga, mama."

"Uyoga! Si niliwaambia?" Mwenyekiti aliwaambia wageni wake. "Watu wanadhani lazima kiumbe afe ndipo chakula kiwe na ladha."

"Mpishi atakuongezea bakuli jingine," alisema Madamu. "Na huyu nitamtoa nje apigwe na upepo, mle kwa raha."

Alimtoa kwa mlango wa mbele, ili waone. "Simama hapa hapa kwenye kioo," alimwambia, "mpaka waondoke." Mlango ukafungwa.

Jua lilikuwa la utosi. Wapita njia walimtazama mhudumu mwenye sare aliyesimama hana anachokihudumia, wengine wakamkwepa. Ndani, bakuli la pili lilifika. Mwenyekiti alikula tambi zote, kisha akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini likabaki linang'aa. Alipolishusha, macho yao yakakutana. Akatabasamu, akampungia mkono, kama mtu anavyompungia mtoto aliyesamehewa.

Kidoti alitaka kumrudishia tabasamu. Katikati yao kulikuwa na kioo kinene, na hakuna pumzi ambayo ingepita. Lakini kiganja chake kilikuwa kimeshaufunika mdomo.