Mzima Mbele ya Watu

Kuluthumu alikuwa amekaa kwenye kigoda tangu adhuhuri, kibofu kimejaa, ungo wa karanga mapajani, anamenya na kucheka pale wenzake walipocheka. Choo kilikuwa palepale uani, nyuma ya mabati. Tatizo halikuwa umbali. Tatizo lilikuwa kuinuka, na mbele yake, juu ya mkeka wake mwenyewe, alikuwa amejitandaza Naima, mke wa Mustapha, msimamizi wa ghala la alizeti kule Majengo.

Naima alikuja kusalimia tu. Mtaa mzima wa Miyuji unazijua salamu za Naima: zinaingia mchana, zinatoka magharibi, na kila zilichokiona kinafika kitandani kwa Mustapha kabla taa haijazimwa. Mwezi uliopita alikwenda kumsalimia Marselina, kibarua mwenzao wa ghalani, akamkuta anakohoa. Kulipokucha Marselina akazuiwa kwenye geti la ghala. "Ghala si wodi," Mustapha alimwambia.

Kwa hiyo Kuluthumu alikaa. Tangu siku ule ubao wa kupandia lori ulipoteleza, yeye chini gunia juu, mgongo ulikuwa haumtii tena. Alfajiri binti yake Ikram humvuta kwa mikono miwili kumtoa kitandani. Ghalani, Angelina wa nyumba ya pili humwachia apepete, mwenyewe akabeba magunia ya watu wawili. Mustapha akitokea, Kuluthumu huegemea gunia na kuhema, kama ndiyo kwanza ameliteremsha. Mchezo huo ndio uliokuwa ukiwasha jiko.

"Hodi wenyewe!"

Aliingia msichana mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi.

"Shikamooni. Naitwa Josephine, natoka chuoni. Mwenyekiti wa mtaa ana taarifa zangu. Tunauliza habari za afya na kazi. Utafiti wenyewe ni wa nchi nyingi, maswali ni yaleyale kila mahali, halafu tunalinganisha."

"Mnagawa nini?" Angelina aliuliza kutoka mkekani.

"Hatugawi, dada."

"Basi gawiwa wewe. Karibu karanga."

Mwenye nyumba ndiye aliyetakiwa kujibu. Josephine akatazama mkeka uliojaa watu. "Mama, tungesogea pembeni kidogo? Maswali ni ya faragha."

Kusogea! Kuluthumu akajikita zaidi kwenye kigoda.

"Faragha ya nini?" Naima alidakia. "Hapa wote ndugu. Au mama Ikram ana mume wa siri kule Kondoa?"

Ua likalipuka kwa kicheko.

"Niwatimue wageni wangu, mwanangu?" Kuluthumu alisema. "Uliza hapahapa."

"Haya. Tunaanza na hadithi ya mtu. Petro anafanya kazi ofisini. Mgongo humuuma akikaa sana, inabidi ainuke ajinyooshe. Je, ana tatizo la kufanya kazi? Hana kabisa, dogo, la wastani, kubwa, au hawezi kabisa?"

"Petro wa wapi?"

"Popote. Nchi zote wanaulizwa huyohuyo."

"Kiti chake kina magurudumu?" Angelina aliuliza, watu wakacheka tena.

Kuluthumu hakucheka. "Anainuka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mzima huyo. Andika hana kabisa."

Josephine akabonyeza, kisha ulimi ukamteleza. "Kuna nchi wengi wangejibu hawezi kazi. Na mtu kama huyo anaweza kulipwa akae nyumbani apumzike."

Kicheko kikakatika.

"Alipwe kwa kukaa?" Angelina alinong'ona.

"Na huku kwetu karibu kila mtu anajibu hana tatizo. Wakubwa zetu wanasema labda sisi ni wavumilivu."

"Wavumilivu," Kuluthumu alirudia, kama anayeonja maziwa yaliyoharibika.

"Sasa wewe, mama. Una maumivu au ulemavu wowote unaokuzuia kufanya kazi?"

Naima aliacha kutafuna. Angelina akainamisha uso. Hakuna mtu aliyewahi kuingia ua ule kumuuliza Kuluthumu swali hilo: si daktari, si mwenye ghala. Jibu lilimjaa mdomoni, lote, na ubao na gunia na mikono midogo ya Ikram.

"Sina."

"Hata kidogo?"

"Nabeba mpaka juu ya lori. Muulize huyu, mumewe ndiye bosi wangu."

"Kuinama, kuinuka?"

"Bila shida."

"Hongera shoga," Naima alisema, akitabasamu. "Maana Mustapha ananiambia kila akipita umeegemea. Nikamwambia ngoja, nitakwenda kumsalimia."

Maswali yakaisha. Josephine akashukuru, akakifunga kishikwambi, akaelekea getini. "Nisindikize basi mama, unionyeshe kwa jirani."

Angelina alishasimama. "Twende, nakupeleka mimi."

"Kaa wewe," Naima alisema. "Mgeni husindikizwa na mwenye nyumba. Tumeanza lini mambo ya kutuma watu?"

Josephine alisubiri getini, kishikwambi kwapani, anatabasamu kwa adabu.

"Ngojeni nimalizie hizi," Kuluthumu alisema, akabana mapaja. Vidole vyake vilipekua ungo. Ndani mlikuwa na maganda matupu. Akachukua moja, akalipasua, akachukua jingine.

Naima alinyoosha mkono, taratibu, akamwondolea ungo mapajani, akauweka chini upande wake.

"Haya, mama Ikram. Inuka tukuone."