Unga Uliotoka Mweupe

Mkemia alifika kazini kabla ya wenzake. Alivaa koti lake lenye tundu la tindikali karibu na mfuko, akasimama mbele ya kabati la kufyonza hewa kama mtu aliyeitwa akasahau ameitiwa nini. Ndani ya kabati kulikuwa na kichupa kidogo, na ndani ya kichupa kulikuwa na unga alioutengeneza na kuusafisha wiki iliyopita. Ulikuwa mweupe pe. Kwa mtu wa kazi yake weupe ule ni sifa, lakini asubuhi hiyo hakusikia furaha yoyote. Miguu tu ilikuwa inamuuma.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini, "leo nisaidie nione kilichopo, si ninachokitaka."

Ndiyo sala aliyoisali kila siku kabla ya kugusa chochote. Leo aliirudia, maana mara ya kwanza mawazo yalikwenda kwa kaka yake aliyekuwa mgonjwa nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kampaundi mpya za kuzuia virusi vinavyokula ini. Aliziunganisha kipande kwa kipande, hatua baada ya hatua, kisha akampelekea mwanamke wa chumba cha pili, ambaye wote walimwita Mama Seli. Huyu alifuga seli za ini kwenye visahani, akazilisha hata sikukuu, akaziambukiza virusi, halafu akazipa unga wa mkemia aone nani atabaki. Unga mwingi haukufanya kitu. Mwingine uliua virusi pamoja na seli zenyewe, na hapo Mama Seli alikuwa akisema, "Umezima moto kwa kubomoa nyumba. Endelea, fundi."

Kisha, baada ya miaka ya namna hiyo, ukatokea unga mmoja. Virusi vilinyamaza na seli zikaishi. Mkuu wa maabara, mtu asiyecheka hata akitekenywa, alicheza kidogo kwenye korido. Ikabaki jambo moja tu, kuutengeneza upya na kuupima tena, ili ijulikane kwamba haikuwa bahati. Huo wa pili ndio uliokuwa kichupani.

Mama Seli aliingia akiwa na kikombe mkononi.

"Shikamoo, Mama Seli."

"Marahaba. Usiniangalie hivyo, chai yenyewe sijaimaliza."

"Vipi ule unga mweupe?"

Mama Seli aliketi kwanza. "Virusi vyako vimeshiba, vimezaa, sasa vina wajukuu."

"Labda seli zimenuna."

"Seli zangu hazinuni. Anayenuna hapa ni mimi. Nimepima, nimerudia, nimerudia tena. Ule wa kwanza unazuia. Huu wa pili, ni sawa na kuzipa maji."

Mkemia alivuta kiti akakaa. Kampaundi ilikuwa ileile, mashine ilishathibitisha. Hatua zilikuwa zilezile. Alizipitia kichwani kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko aliyokwisha kuipekua, na alipofika hatua ya mwisho akaacha kutafuta.

Hatua ya mwisho huunganisha vipande viwili kwa msaada wa metali. Metali hiyo ikishamaliza kazi yake lazima iondolewe, na kuna unga maalumu wa kuinasa. Wakati alipotengeneza ule wa kwanza, unga wa kunasa ulikuwa umekwisha na mwingine ulikuwa haujafika. Mkuu alikuwa na haraka. Mkemia alisuuza kwa maji, akasuuza kwa tindikali, akakausha. Unga ukatoka na rangi ya kijivu kidogo, kama majivu yaliyopeperuka juu ya chumvi. Kila mkemia wa meza ile anajua kijivu hicho kina maana gani, na kila mmoja amewahi kusema, kidogo tu, hakidhuru. Na yeye alisema hivyohivyo. Huu wa pili aliusafisha kwa unga wa kunasa, ndiyo maana ulitoka mweupe.

"Mama Seli," alisema, "nipimie metali peke yake. Bila kampaundi."

Mama Seli aliweka kikombe chini. "Unajua unachoniomba?"

"Najua."

"Metali ikizuia virusi, basi hatujawahi kuwa na dawa. Tulikuwa na uchafu."

"Ndiyo maana nataka kujua."

"Haya. Lakini nenda kamwambie bwana mkubwa wewe mwenyewe. Mimi nina watoto wa kulisha," alisema, akielekeza kidevu kwenye kabati la seli.

Mkuu alimsikiliza huku akijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amezeeka upesi katika kazi ile. Bodi ilikuwa inakutana wiki hiyohiyo kuamua kama kundi lao liendelee au livunjwe, na kwenye kompyuta yake alikuwa ameshaandaa picha ya mistari miwili ya wingi wa virusi, mmoja wa seli zisizopewa kitu ukipanda, mwingine umelala chini kabisa. Huo uliolala ulikuwa unga wa kijivu.

"Matokeo ya kwanza ni ya kweli, au si ya kweli?" aliuliza. "Mliyatunga?"

"Hatukuyatunga."

"Basi nitayaonyesha. Huo wa pili tutaueleza baadaye."

"Ni ya kweli, mzee, lakini hatujui ni ya nini."

"Mkemia." Alisema kwa upole, na upole huo ulimchosha zaidi kuliko makaripio. "Kila mwaka nasimama mbele ya watu wale na kusema tumekaribia. Safari hii nilitaka niseme neno jingine."

Hakumkataza kupima. Wala hakumruhusu. Mkemia alirudi mezani, akapima punje za metali, akaziyeyusha, akampelekea Mama Seli.

Nyumbani kaka yake alikuwa jikoni, amekaa kwenye stuli anamenya viazi kwa sababu kusimama kulikuwa kunamshinda. Weupe wa macho yake ulikuwa na umanjano. Virusi vilevile ambavyo dada yake alipambana navyo visahanini ndivyo vilivyokuwa ndani ya ini lake. Mkemia alipoanza masomo ya jioni, mtu mzima tayari, mwenye miwani, huyu ndiye aliyepika na kufua, na wageni wakija aliwazuia mlangoni: "Mwanafunzi anasoma, hasumbuliwi." Hospitali ilikuwa imempa vidonge vya kuvituliza virusi. Alivimeza kwa muda, akatapika, akakonda, kisha akaacha. "Nangoja vya kwako," alisema siku dada yake aliporudi na habari za unga uliofanya kazi. Dada alimsihi arudi kliniki, alimsihi kweli, lakini kadiri siku zilivyokwenda alimsihi kwa sauti ndogo zaidi, kwa sababu naye alianza kuamini.

"Daktari wa Chupa umerudi," kaka alisema. "Unga unasemaje?"

"Bado unapimwa."

"Mwambie huyo mama yako wa seli afanye haraka. Mgonjwa wa kwanza yuko tayari, ameshavua na shati."

"Kaka, kliniki..."

"Aa, usinianze. Menya hivi vingine."

Alimenya. Baada ya kula alikwenda chumbani akapiga magoti kando ya kitanda. Aliomba metali isiwe na hatia. Akaona aibu, kwa maana hiyo si sala, ni kumvuta Mungu mkono. Kisha akaomba tena hivyohivyo, kwa kuwa Mungu alikuwa anajua tayari. Alilala na nguo za kazini.

Majibu yalipotoka, Mama Seli hakuja na kikombe. Alimwita kwa mkono, akampisha kwenye hadubini.

"Hapa kuna unga mweupe peke yake. Angalia."

Madoa ya rangi yanayoonyesha virusi yalikuwa yamejaa.

"Hapa kuna metali peke yake."

Hapakuwa na doa hata moja. Seli zilikuwa zimekaa mahali pake, safi, kama siku ile ya kwanza.

"Hapa nimeuchanganya unga mweupe na metali kidogo. Unaona? Sawasawa na ule wa kijivu. Na hapa nimeongeza metali." Kwenye kisahani hicho hapakuwa na seli hata moja iliyo hai.

Mkemia hakuondoa jicho mpaka lilipoanza kutoa machozi, na hakujua ni ya nini. Mama Seli hakutania. Alimshika bega tu.

"Pole, mwanangu."

Kwa Mkuu hakukaa sana. Alimweleza, akaeleza na kosa lake la kusuuza, akasema yuko tayari kulieleza mbele ya bodi.

"Ungeweza kungoja mpaka wakutane," Mkuu alisema.

"Ningeweza."

Mkuu aliigeukia kompyuta, akaitazama ile mistari, kisha akaifuta. "Nitawaambia mwenyewe. Huenda wakatuvunja." Alivua miwani. "Nenda nyumbani. Unaonekana kama mtu aliyefiwa."

Alirudi jua likiwa bado kali. Kaka yake alishangaa kumwona, akaacha pasi juu ya shati hadi likaanza kunuka. Mkemia aliichomoa, akaketi, akamwambia yote. Hakupunguza neno.

"Kwa hiyo kilichofanya kazi ni uchafu," kaka alisema.

"Ndiyo."

"Uchafu!" Alicheka mpaka akashika ubavu. "Si ungenipa huo uchafu?"

"Ungekuua."

Kicheko kikakatika. Alikunja shati lililoungua, akalikunjua, akalikunja tena. "Miezi yote hii umeniacha ningoje."

"Nimekuacha." Hakuwa na nguvu ya kujitetea, wala hakuona cha kutetea. "Nilikuwa nangoja pamoja nawe. Leo nimeacha. Twende kliniki, kaka."

"Nitatapika."

"Utatapika. Nitashika ndoo."

"Na kazi yako je?"

"Sijui kama ipo."

Kaka alinyanyuka kwa kushika meza, akaingia chumbani, na mkemia akamsikia akifungua kabati, akilalamika kuhusu soksi, akiuliza nani amehamisha viatu vyake. Alitaka kumjibu. Alitaka pia kumshukuru Mungu, ila alipofumba macho aanze, neno la kwanza halikufika.

Alishtuka mtu akimtikisa goti. Kaka alikuwa amesimama mbele yake, amevaa, vifungo vya shati vimepishana.

"We dada, amka," alisema. "Kliniki wanafunga saa kumi."