Mgonjwa wa Kuigiza

Kosa la muuguzi lilikuwa kumwamini shangazi yake.

Wafadhili walikuwa wanakuja kutazama mafunzo ya utafiti wa dawa. Kama wangeondoka wamenuna, darasa lingefungwa, naye angerudi wodini bila kumaliza. Siku hiyo alipaswa kuonyesha jinsi mgonjwa anavyoombwa kuingia kwenye utafiti. Akahitajika mgonjwa wa kuigiza. Shangazi akajitolea hata kabla ya kuombwa.

"Kazi yako ni kulala na kukubali tu," muuguzi alimsihi. "Ukishakubali, nakupima na kukuuliza maswali."

"Mimi tena! Nitakubali mpaka wapate kizunguzungu."

Kitanda kiliingizwa kwenye chumba cha mikutano. Wageni walikaa mbele, birika la chai likinukia nyuma yao. Daktari mkuu, ambaye wanafunzi humwita Bwana Haraka, alisimama ukutani akitazama saa. Shangazi alijifunika shuka hadi kidevuni, akikohoa kama injini mbovu, ingawa ugonjwa waliokubaliana ulikuwa presha.

Muuguzi akaeleza kwamba dawa ni mpya na bado inajaribiwa. "Uko tayari kushiriki, mama?"

"Leo nimekuwa mama?" Shangazi akafumbua jicho moja. "Haya. Ina madhara?"

"Inaweza kuleta kichefuchefu."

"Basi sitaki."

Bwana Haraka akanong'ona kwa sauti iliyofika hadi dirishani: "Mtishe! Mwambie asiposhiriki hatibiwi!"

Chini ya shuka, shangazi alikuwa akitikisika kwa kicheko. Lakini somo la kwanza darasani lilikuwa hilohilo: mgonjwa halazimishwi. Muuguzi akavuta kiti, akaketi.

"Hakuna ubaya, mama. Utatibiwa vilevile, na hakuna atakayekununia."

"Hata yule wa saa?"

"Hata yeye."

Wageni wakaangua kicheko. Kiongozi wao, mama mwenye miwani, akasema, "Kote tulikopita, wagonjwa wa kuigiza walikubali. Leo ndiyo tumeona mafunzo yenyewe. Darasa litaendelea." Akamgeukia Bwana Haraka. "Nawe, daktari, karibu ukae mstari wa mbele darasani."

Wageni walipotoka, muuguzi akamvamia shangazi yake. "Ulitaka kuniua!"

"Mwanangu, ningekubali, ungenipima na kuniuliza maswali mpaka chai ipoe," shangazi akajibu, mkono ukiwa tayari kwenye birika.