Uzi Uliooza

Uzi ulikatika tena, manyoya yakatawanyika mezani, ndoana ikabaki uchi, imebanwa kwenye jiliwa. Mimi na mume wangu tunatengeneza chambo bandia: tunafunga manyoya kwenye ndoana kwa uzi unaopita katika kijibomba cha chuma. Asubuhi nilikuwa nimeshakwenda kumpasha muuza nyuzi, mbele za watu, kwamba anauza uzi uliooza.

"Mke wangu, huu ni wa duka lingine, na unakatika vilevile," mume wangu alisema. "Lete hicho kijibomba."

Akasokota pamba kidogo, akaipitisha. Ilitoka imeacha nyuzinyuzi zimenasa mdomoni mwa kijibomba.

"Hapa pamekwaruzika, ndipo panapokata uzi. Nta ya uzi ikiziba, unazibua na nini?"

"Na sindano. Ulitaka nizibue na ulimi?"

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Akapaka dawa ya meno kwenye kamba nyembamba, akaivuta ndani ya kijibomba mbele na nyuma kulainisha mikwaruzo, mpaka pamba ikapita bila kunasa. Nikafunga chambo kipya. Nikauvuta uzi makusudi, kwa hasira zangu zote. Ukagoma kukatika. Raha iliyoje!

"Haya, kesho nitamwomba radhi muuza nyuzi," nilisema shingo upande.

"Nilishapita mchana kukuombea. Radhi hataki. Anasema shemeji asiache kuja kugomba: leo watu walijaa kutazama, na kila mmoja kaondoka na uzi."