Dubu wa Mjozi

Mjozi, mti ule wa mbao nyeusi, mama yao alimwachia Dinah Toineeta, mdogo, kwa sababu ndiye mwenye patasi. Ollie, dada mtu, alirithi nyumba, jiko na ng'ombe. Bado roho yake ilibaki kwenye mti.

Siku ya maonyesho ya mavuno Dinah alimweka dubu aliyemchonga kwa mjozi ule kwenye meza ya ushirika wa mafundi. Dubu wa mti mweusi, kichwa kimeinama kama anayesikiliza mto. Akikubaliwa, Dinah angekuwa mwanachama. Akikataliwa, angeendelea kuwauzia watalii vitoto vya dubu kando ya barabara.

Mama Lossiah, msimamizi, alinyoosha mkono amwinue.

"Mimi nisingemshika," Ollie alisema nyuma yake.

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe. Mti ule ulipigwa radi."

Mkono wa Mama Lossiah ukarudi. Kwetu mti uliopigwa radi ni wa waganga peke yao. Mtu wa kawaida akiugusa, viganja humpasuka. Watu wakaiachia meza nafasi.

"Muongo wewe," Dinah alisema.

"Lete shahidi."

"Shahidi yupo pale, umemfunika kitambaa." Dinah alionyesha meza ya chakula. "Mkate wako wa maharage. Umeupikia kuni gani?"

Ollie aligeuka kuutazama mkate.

"Majira yote niliyokuwa nachonga ulikuja na kikapu kuokota mabaki. Ukasema kuni za mjozi zinashika moto vizuri, nisizitupe. Majirani wote walikuona."

"Mimi nilimwona," alisema mzee Standingdeer, mkate mdomoni. Kisha akaacha kutafuna, akatazama huku na huku akitafuta pa kutemea. Sahani zikaanza kuwekwa chini. Mama mkwe wa Ollie alijifuta mikono kwenye sketi, akavigeuza viganja vyake na kuvikagua.

"Chagua, dada," Dinah alisema. "Ama umewalisha watu radi, mkweo akiwamo, ama umesema uongo."

"Ulimi wako huo. Mama alikudekeza."

"Alinipa patasi tu. Wewe alikupa jiko, na ona unavyolitumia."

Mama mkwe alikohoa. Kikohozi hicho Ollie alikifahamu. Angekisikia nyumbani hadi masika. Akasogea mezani, akamkamata dubu kwa mikono miwili, akamwinua juu watu wote waone, akamtua mbele ya Mama Lossiah.

"Haukupigwa radi," alisema, kama anayemeza mfupa. "Haya, kuleni."

Mzee Standingdeer akameza.

Mama Lossiah alimzungusha dubu, akampapasa mgongo, akambana kwapani na kumpeleka kwenye rafu ya wanachama.

Dinah alimfuata na kitambaa. Akamfuta dubu pale pote palipoguswa na vidole vya dada yake, taratibu, Ollie akiwa amesimama pale pale anatazama.